Nyasi za Gahanga

Juzi nilikuwa studio moja ya picha pale Kabeza, akaingia mama mmoja na simu mkononi. Alimwonyesha fundi picha ya nyumba aliyotumiwa na dalali.

"Iko Gahanga. Nataka kuinunua, lakini macho yangu hayaipendi hii nyasi ya kando ya ukuta."

Fundi akaivuta picha karibu. "Mama, naona kama hapa walitumia barakoa."

"Barakoa ya corona?"

"Hapana, ya kompyuta." Akafungua picha yake mwenyewe, akapaka weusi juu ya gari, gari likatoweka. Akapaka weupe, likarudi. "Unaona, halijafutwa. Limefunikwa tu."

"Basi nifunulie na hii yangu."

"Siwezi. Anayeweza ni mwenye faili ya mwanzo."

Mama akampigia dalali palepale, kwa upole ulionitia wasiwasi. "Mwana wangu, nenda usimame juu ya ile nyasi, unipigie kwa video." Akasikiliza, akageuka kutazama dirishani. Jua lilikuwa kali. "Anasema huko Gahanga mvua ni nyingi," akatuambia, akatoka kutafuta pikipiki.

Mama alirudi kumweleza fundi, na fundi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Kule kulikuwa kukavu, na pale penye nyasi pichani palikuwa na korongo lililokwisha kula kona ya msingi.

"Mama, sikukudanganya," dalali alijitetea. "Nyumba si iko?"

"Iko," mama akamjibu. "Na shimo nalo liko."

Hakuinunua. Nami siku hizi nikitumiwa picha nzuri, huuliza kwanza: huko mvua inanyesha?