Mama mkwe na mayai matatu

Jamani, leo nimemlisha mama mkwe mayai!

Ameshuka asubuhi kutoka Chawia, akabisha hapa kwetu Voi, kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na njaa yake.

Nilikuwa na viazi vya jana tu. Nikavikaanga na kitunguu, nikavunjia mayai matatu.

Akala. Akaomba tena!

Ndipo nikakumbuka: kwao wanawake hawali mayai. Ni ya wanaume.

Kijiko kikaniponyoka.

"Mama, nisamehe. Humo mna mayai."

Akaacha kutafuna, akanitazama.

"Unadhani siyajui? Miaka yote nayala jikoni. Baba mkwe wako husema ni nguchiro anayeyaiba."

Na mzee wa watu anatega mitego mpaka leo!

Nyie, kwenu kuna nguchiro wangapi?