Kazi ya Kuanguka

Hamdan wa Kengeja hatulii. Akikaa kibarazani mguu unacheza. Akinywa chai, bega linatafuta pa kupiga. Karate aliianza Wete alipokuwa mwanafunzi, na alikuwa mpiganaji wa kweli, si wa maneno. Kisha akavuka kwenda Dar es Salaam, filamu za ngumi zikamchukua, na huko, masikini, kazi aliyopewa ikawa moja tu: kupigwa. Ndiye jambazi anayerushwa juu ya meza mwanzo mwanzo, mtazamaji hata hajakaa vizuri. Akaanguka miaka na miaka, mpaka kuanguka kukamwingia mwilini.

Baba yake, Mzee Masoud, ni bingwa wa kirumbizi, ule mchezo wa kupigana kwa bakora huku ngoma na zumari vinalia. Filamu ya mwanawe aliitazama moja. "Mwanamme gani kazi yake kuanguka?" akauliza, akaondoka. Tangu hapo akimtaja humwita "yule wa Dar". Neno hilo lilimuuma Hamdan kuliko pigo lolote.

Mwaka huu riziki ikageuka. Mwongozaji wake, Ashraf, alimpa nafasi ya shujaa, wa kushinda mpaka mwisho, akamwonya: "Nenda kale Idi kwenu, lakini hiyo sura niletee nzima. Ukirudi tu tunaanza kupiga picha."

Mwenye akili zake angekaa pembeni. Lakini zumari lilipolia uwanjani Kengeja siku ya pili ya Idi, na Mzee Masoud amekaa mbele kabisa, huyu wetu angekaa vipi? Akaokota bakora, akaingia kupambana na binamu yake, Yussuf. Wakazungukana. Yussuf akainua bakora, akaishusha kichwani; kabla haijafika, Hamdan akaruka, akapinduka hewani, akajibwaga chali, vumbi tupu.

Ngoma ikakatika. Yussuf akaitazama bakora yake.

"Yakhe, mie sijakugusa!"

Watu wakavunjika mbavu. Hamdan pale chini alitamani ardhi immeze. Mwili ulikuwa umefanya kazi yake bila kumwuliza. Mzee Masoud peke yake hakucheka.

"Inuka weye," alisema. "Inuka upigwe."

Akainuka. Alimkumbuka Ashraf, akaikumbuka sura yake, na miguu ikamwambia toka. Hakutoka. Ngoma ikarudi. Bakora ikaja, akaikinga; ikaja tena, akaikinga; iliyofuata ikampasua juu ya jicho. Akayumba, akasimama.

Mzee Masoud akaingia uwanjani mbio, na uzee wake wote, akamshika kichwa, akamfuta damu kwa kanzu yake mpya. "Mwanangu huyu!" akawapigia watu kelele. "Mnamwona? Mwanangu!"

Hamdan alilia kwa furaha, wala hakuficha. Lakini hata kifuani kwa baba yake hakutulia: kidole kilikuwa kikilipapasa jeraha, kikipima iwapo poda ingetosha kulifunika.