Mara ya Nane ya Ernest Catchpole

Ernest Catchpole alikuwa mvuvi wa Lowestoft tangu ana miaka kumi na minne. Vita vilipokuja, jeshi la majini lilimchukua yeye pamoja na meli yao ya uvuvi, likawanyang'anya nyavu, likawapa nyaya ndefu za umeme za kukokota nyuma. Kikosi chao kizima kilikuwa cha wavuvi, na kazi yao ilikuwa kufagia bahari, yaani kulipua kwa nyaya hizo mabomu ya Wajerumani yaliyotegwa chini ili meli nyingine zipite salama. Wanamaji wa kweli waliwacheka kwa kofia zao za sufu. Wacheke tu, sikusikia hata mmoja aliyeomba kubadilishana nao.

Siku moja ya Machi, 1941, Catchpole akiwa kwenye usukani, amri ilisema wapite kwenye mkondo wa kupitia meli mara nane. Mara ya saba bomu likalipuka nyuma yao, samaki wanene wakaelea matumbo juu.

"Catchpole, simamisha!" nahodha Utting akapiga kelele. "Unaacha kitoweo cha bure hivi hivi?"

"Bado mara moja, Nahodha."

"Si limeshalipuka? Unataka lingine la nini, la ukumbusho?"

Watu wakaangua kicheko, na Catchpole naye, huku akisimamisha meli. Walipomaliza kuopoa samaki, ukungu ulikuwa umefunga. Wakarudi. Daftarini Utting aliandika mara nane.

Asubuhi meli ya makaa ya mawe ilipita palepale, ikalipuka. Mpishi wake alikuwa Leonard, mdogo wake Catchpole.

Afisa aliwaeleza gatini kwamba Wajerumani sasa wana mabomu yanayohesabu: yanaacha meli zipite mara saba, mara ya nane ndipo yanalipuka. Catchpole akachanganyikiwa kabisa. Kama wangepita tena, lingelipukia mbali nyuma kwenye nyaya, kama kawaida? Au lingewamaliza wao, watu kumi na wawili? Wale samaki waliwaokoa, au walimuua Leonard? Alimuuliza Utting. Utting akamtukana, kisha akaanza kulia.

Akaenda kwa Edna, mjane wa Leonard, ameazimia kusema yote.

"Shemeji, si mlipafagia pale?" Edna akauliza. "Mlipita mara ngapi?"

Catchpole alitazama sakafu. "Mara nane."

Edna akamshika mkono. "Basi hukumkosea ndugu yako. Kaa, ule."

Akakaa. Alikula pale kila Jumapili kwa miaka thelathini na mmoja, bado hajui aliua au aliokoa, na kila mgeni alipoketi mezani Edna alimwonyesha kwa fahari: "Huyu shemeji yangu waliambiwa wapite mara nane, na mara nane walipita."