Mama Mkwe Mbele ya Maporomoko ya Lofoi

Shemeki, kaka wa mke wangu, anaishi Golf, mtaa wa matajiri, katika villa yenye chemchemi ya saruji isiyojua maji. Aliporudi kutoka Dubai alituambia kwa uchungu kwamba huko amelipa kutazama maporomoko yaliyojengwa ndani ya duka, na sisi tunayo ya Mungu kule kwenye mbuga ya Kundelungu ila hatuyajali. Tuliona haya, tukakubali kwenda naye kuyaona.

Alijiandaa kama mtu anayehama: jenereta, baffle kubwa za kutoa muziki, viti vya plastiki, mbuzi mzima, na miguuni viatu vyeupe. Mama mkwe alichukuliwa ili aangalie vyungu. Njiani, vumbi likitulia kwenye meno, shemeki alitufundisha kupenda mazingira. Tulipokuta nyani, aliongeza sauti ya muziki ili nao wafaidi.

Juu mlimani kulikuwa na baridi, nyasi ndefu na ukungu. Mlinzi wa mbuga aliomba jenereta izimwe. Shemeki akamweleza kwamba wanyama ni wa taifa na yeye pia ni wa taifa. Mlinzi alisimama pale, mikono nyuma, mpaka ikazimwa. Mngurumo ukaendelea.

“Bado haijazima,” shemeki alilalamika.

Yalikuwa maporomoko.

Kufika ukingoni ilibidi kutembea kwenye matope kidogo. Shemeki alitazama viatu vyake, akaamua tule kwanza. Tukala. Akapigwa picha ameegemea gari, nyuma yake ukungu mtupu, kisha akaingia ndani, akafunga vioo, akalala.

Ndipo ukungu ukafunguka. Mama mkwe alikaza kitenge, akaacha vyungu, akamfuata mlinzi. Mke wangu alitaka kumwamsha kaka yake.

“Mumuache alale,” mama alisema. “Ameshachoka na kupenda mulima.”

Tukawafuata hadi ukingoni. Maji yaliruka kutoka juu ya mlima na kwenda chini, chini, hata yakageuka moshi kabla ya kufika. Mama aliyatazama sana, halafu akamuuliza mlinzi kwa heshima:

“Baba, mayi hii, banaifungaka saa ngapi?”

Kwetu bomba hutoa maji alfajiri, likipenda. Mlinzi hakucheka. Alimjibu kwamba tangu azaliwe hajasikia yamefungwa. Mama akaketi kwenye nyasi, kitambaa mdomoni. Nilidhani ni furaha. Mke wangu alininong'oneza kwamba mama anawaza bidon za maji alizobeba kichwani tangu alipoolewa.

Jumapili iliyofuata, huko Golf, shemeki aliwasimulia wageni jinsi matone yalivyomlowesha uso na jinsi alivyosimama ukingoni bila woga. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu, alikiri kwamba yeye asingethubutu. Shemeki akasita kidogo, akamtazama mama yake.

“Endelea, baba,” mama alimwambia, akimwongezea bukari, ugali wetu. “Unajua kusema muzuri.”

Akaendelea. Hakuna aliyemuuliza mama kama naye alikuwapo.