Siku Baba Alipoosha Gari Lake Jipya

Baba aliendesha malori ya watu wengine miaka mingi kabla ya kuuza ngamia na kununua gari lake mwenyewe. Lilikuwa jipya, la kifahari, la dizeli, la chini hivi kwamba pale Lodwar watu waliinama ili kutuchungulia.

"Mzee, ni lako au mheshimiwa amekutuma?" jirani alimtania.

"Langu. Sikiliza, ni dizeli lakini halikohoi."

Alilisifu kwa kila mtu: linakunywa kidogo, viti havichoshi mgongo. Mama alisema tu kwamba ndani kuna baridi mno.

Lakini baba alilinunua kwa ajili ya nyanya, mama yake, aliyeishi Kakuma. Macho yake yalikuwa yanafifia, na basi lilimtapisha. Daktari wa macho alikuwa anakuja Lodwar juma lile, na muuguzi alituonya kwamba akikosa nafasi hiyo huenda asione tena.

Mimi na baba tulifika Kakuma asubuhi. Nyanya alikuwa ameshafunga mzigo wake. Kwanza aliagiza mbuzi achinjwe. Akachukua majani ya tumboni mwa mbuzi, yakiwa bado na joto, akampaka baba kifuani, akanipaka mimi, kisha akapaka boneti, milango na uso wote wa gari. Baraka hiyo haioshwi. Huachwa ikauke, ianguke yenyewe.

Baba alipowasha gari alisogeze kivulini, lilianza kulia. Skrini iliyo karibu na usukani ikaandika kwamba kamera za gari hazioni, maana zilikuwa zimefunikwa na yale majani. Lori halikuwahi kumwambia neno kama hilo, akaogopa gari litatuacha njiani. Nyanya alipoingia ndani kuchukua fimbo, baba alichota maji akaosha haraka haraka. Mimi nilikuwa nimesimama pale.

Nyanya akatoka, akalipapasa gari akitafuta mlango. Mkono wake ukasimama.

"Nani ameosha?"

"Mama, gari lilikuwa linalia."

"Hata mtoto nikimpaka hulia. Wewe ulilia. Nani alikuosha?"

"Daktari anangoja, mama. Panda, utanigombeza njiani."

"Nimeiombea safari, wewe umeimwagia maji. Siendi."

Baba alimsihi mpaka jua likawa kali. Aliahidi mbuzi mwingine. Nyanya alirudi ndani, akafungua mzigo wake, akakunja nguo zake moja moja. Tulirudi Lodwar wawili.

Kabla ya mvua, nyanya alikuwa haoni kabisa. Baba humtembelea kila mwezi, wanaongea vizuri, hawataji siku ile. Watu wakimwuliza kuhusu gari, anasema ni zuri, halina tatizo.

Mara ya mwisho nilienda naye. Nyanya alinishika mabega, akapandisha mikono taratibu hadi kichwani.

"Umekuwa mrefu," akasema. "Siku hizi unafanana na nani?"

Nikaushusha mkono wake hadi usoni pangu.