Hoja ya Hewa ya Ukaa na Lori la Mume Wangu

Mume wangu ana lori. Ndilo lililosomesha watoto wetu, ndilo lililoezeka nyumba, na ndilo lililonipa udiwani, maana wakati wa kampeni lilibeba vipaza sauti pamoja na kina mama walioniimbia kata nzima mpaka sauti zikawakauka. Kwa hiyo siku niliporudi kutoka semina Bariadi nikamwambia nataka kupeleka hoja barazani, ya kuiomba serikali iweke ada kwenye mafuta, alirudisha tonge la ugali kwenye sahani.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Mafuta gani? Ya kula?"

"Dizeli na petroli. Na makaa ya mawe."

Alinawa mikono mbele yangu taratibu, kama mtu anayeaga, akatoka nje kuliangalia lori lake.

Semina ile ilikuwa ya madiwani wa mkoa wetu wa Simiyu. Aliyetufundisha alikuwa dada mmoja mtaalamu wa mazingira, mwembamba, mcheshi, aliyejua kwamba wengi wetu tulikuwa tunasikilizia harufu ya pilau kuliko maneno yake. Akafupisha. Mafuta na makaa ya mawe yakichomwa hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikizidi angani mvua inavurugika. Nchi inaweza kutoza ada pale mafuta yanaposhushwa bandarini na pale makaa ya mawe yanapotoka mgodini. Fedha hiyo serikali haiigusi kwa matumizi yake. Inagawanywa sawa kwa sawa kwa kila mwananchi, kama gawio. Mwenye magari matano Dar es Salaam na mama mwenye mbuzi watatu Mwanhuzi, wote kiasi kilekile.

"Anayechoma sana atalipa zaidi kwa sababu bei itapanda," alisema. "Asiyechoma atabaki na faida. Sheria ya namna hiyo haitungwi na halmashauri, lakini halmashauri zikiiomba, wenye kutunga watasikia."

Pilau ikaja, wenzangu wakasahau. Mimi sikusahau. Mwaka ule wanawake wa kata yangu walikuwa wanachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji mpaka mtu anazama kiunoni. Pamba tulipanda, ikakauka, tukapanda tena. Na kati ya wanawake wale hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki pikipiki. Nilijiuliza wamechoma nini wao hata wakaadhibiwa hivi.

Basi kabla ya kwenda barazani nikaitisha mkutano nje ya ofisi ya kata. Watu walikuja wengi, maana ilivuma kwamba diwani ameleta habari za fedha.

"Mwadila, bamayu! Mwadila, babaa!" nikawasalimu kina mama na kina baba, wakaitika kwa shangwe. Nikaanza kwa Kiswahili, nikaona nyuso za wazee zinalala, nikahamia Kisukuma. Nilienda vizuri mpaka nikafika kwenye neno "ukaa." Neno hilo kwa Kisukuma sijawahi kulisikia. Nikahangaika, nikaazima neno la mkaa.

Sikumaliza sentensi. Mama mmoja anayeuza mkaa sokoni, ambaye wakati wa kampeni ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo zangu, alisimama akafunga kanga kiunoni.

"Mayu diwani! Nimekuimbia mpaka koo limevimba, leo unataka kutoza mkaa wangu?"

"Si mkaa wako, dada. Ni hewa ya ukaa."

"Hewa ya mkaa ni moshi. Na moshi ni wa kwangu pia!"

Watu walicheka. Papo hapo mfugaji mmoja, baba wa makamo mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote katani, akanyoosha fimbo yake.

"Mimi nimesikia redioni ng'ombe nao wanatoa hewa mbaya. Sasa nitawafunga mdomo na nini?"

"Si mdomo, ni upande wa pili!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

Hapo mkutano uliniponyoka. Wazee walicheka hadi wakapigana mabegani, na mimi mwenyewe ilibidi nivue miwani nifute machozi. Waliponyamaza nikaacha maneno yote ya semina. Nikawaambia mkaa haumo, ng'ombe hawamo. Nikauliza swali moja tu.

"Hapa nani ana gari linalokunywa mafuta?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha, kichwa kimoja baada ya kingine, mkutano mzima ukageuka kunitazama mimi.

"Ninyi, mayu," alisema muuza mkaa polepole, na uso wake ukaanza kufunguka. "Kumbe atakayelipa ni ngosha wako, mumeo, na sisi tutagawana naye?"

"Ndiyo. Na mimi na yeye tutapata fungu letu kama ninyi."

"Basi peleka hoja! Peleka hata kesho!"

Wakanipigia vigelegele. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na hofu vimechanganyika, maana nilijua habari hizo zingefika kabla yangu. Na kweli, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, mikono magotini.

"Nimesikia nitailisha kata nzima," alisema.

"Baba watoto, si hivyo..."

"Ni hivyo hivyo. Wamenieleza vizuri kuliko wewe." Akaokota kijiti, akachora chini. "Sitakuzuia. Wewe ni diwani wao. Ila barazani usiseme mimi nimekubali."

Nikamwahidi. Kwa siku kadhaa tuliishi kwa adabu kubwa. Alinipisha mlangoni kama mgeni, na alinihamisha kutoka "mama watoto" hadi "mheshimiwa." Mheshimiwa, chai. Mheshimiwa, kuku wako wameingia kwenye mihogo. Nilikuwa nacheka jikoni peke yangu nisisikike.

Siku ya baraza alikuwa na mzigo wa kupeleka mjini, kwa hiyo nilikwenda kupinga mafuta nikiwa nimepanda lori lake. Aliniteremsha getini, nikapangusa vumbi kwenye gauni, nikaingia ukumbini. Baadaye nikageuka, nikamwona mume wangu, niliyedhani amekwenda kushusha mzigo, ameketi kwenye viti vya wananchi, kofia mapajani.

Nilisimama, nikasoma hoja yangu. Nilikuwa nimelikariri kila neno. Diwani mmoja wa upande wa pili wa wilaya, mwalimu mstaafu, alisimama akasema nauli zitapanda, mbolea itapanda, na mkulima wa pamba ndiye atakayeumia. Nikajibu kwamba gawio litafidia. Akauliza nina uhakika gani. Diwani mwingine, mama mwenzangu aliyeingia kwa viti maalumu, akasema yeye hana shida na ada, shida yake ni hilo gawio: fedha ikianza safari kutoka juu kuja kijijini, hufika ikiwa imekonda. Ukumbi ukanguruma kukubali. Nikaanza kupekua karatasi zangu, maana na mimi nililiogopa jambo hilohilo. Mwenyekiti wa halmashauri, kwa huruma nadhani, akatangaza mapumziko ya chai.

Nyuma ya ukumbi kuna mama anayepika chai na maandazi chini ya paa la bati. Nilichelewa kutoka kwa sababu ya aibu. Nilipokaribia nilisikia sauti ninayoijua. Mume wangu alikuwa amezungukwa na madiwani, andazi mkononi.

"Mimi hoja hii siipendi," alikuwa anasema. "Nimemwambia mke wangu, nawaambia na ninyi. Lakini msiipinge kwa uongo. Nauli itapanda? Itapanda, mimi mwenyewe ndiye nitakayeipandisha. Lakini mkulima anapanda gari mara ngapi? Mimi nachoma dizeli asubuhi mpaka jioni. Mimi ndiye mwenye sababu ya kupinga. Sasa wewe, mwalimu, una baiskeli. Unapinga nini?"

Mwalimu mstaafu alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sosa.

"Na hilo la fedha kukonda njiani?" aliuliza yule mama wa viti maalumu.

"Hilo ni la kweli, mayu. Hilo ndilo la kushikilia. Mimi nikipeleka mzigo Mwanza, mteja ananitumia hela kwenye simu, haipiti kwa mtu. Semeni iwe hivyohivyo. Itoke huko juu ianguke kwenye simu ya mtu, isipitie kwa mkurugenzi, isipitie kwa mtendaji, isipitie kwa diwani."

"Hata kwa diwani mke wako?"

"Huyo hasa!"

Walicheka wote, na ndipo akaniona. Alitazama andazi lake kama mtu aliyefumaniwa.

Tuliporudi ukumbini, yule mama wa viti maalumu aliomba hoja iongezwe sharti: gawio lifike kwa mwananchi moja kwa moja, na mkulima asiyekuwa na simu awekewe njia yake kijijini. Nikakubali kabla hajakaa. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki, mikono ikapanda ukumbi mzima, isipokuwa diwani mmoja aliyesema yeye huwa hapitishi kitu ambacho hajakilalia. Azimio likapita. Niligeuka kutazama viti vya wananchi. Mume wangu hakupiga makofi, lakini alikuwa amevaa kofia na amekaa wima kama yuko kwenye picha ya harusi.

Njiani kurudi, nilimwambia wabeja, asante.

"Sikukusaidia," alisema. "Nilikuwa nawarekebisha."

"Basi wabeja kwa kuwarekebisha."

"Mheshimiwa," akasema, na mdomo ukamcheza, "dizeli ikipanda utakuwa unalipa nauli humu ndani."

"Nitalipa kwa gawio langu."

Hapo akacheka kwa sauti, akapiga usukani, na jioni ile nikawa tena mama watoto.

Azimio letu lilipelekwa mkoani, na kutoka mkoani tukaambiwa limekwenda Dodoma. Ninapoandika haya, ada haijawekwa na gawio halijagawiwa. Sidanganyi watu wangu kuhusu hilo. Sokoni wananiuliza, ninawajibu kwamba halmashauri moja haigeuzi nchi, lakini tumesema, na waliotusikia wapo. Halmashauri nyingine ya mkoa wetu imeniomba niende kuieleza hoja, na safari hii nimeshajifunza kutoanza na neno "ukaa."

Mume wangu bado anapinga. Ila amefanya jambo ambalo hataki niliseme, na ninalisema. Zamani akipeleka pamba stesheni ya reli Malampaka alikuwa anarudi na lori tupu, linaruka mashimoni kama debe. Sasa yeye na wenye malori wenzake wamewekeana utaratibu: anayekwenda anawapigia wenzake simu, anatafutiwa mzigo wa kurudi nao, na siku nyingine lori moja linafanya kazi ya mawili huku lingine limepumzika nyumbani. Wanasema wanafanya hivyo kwa sababu ya matairi.

"Ni matairi kweli?" nilimuuliza juzi, alipokuwa anaosha kioo cha mbele.

"Matairi," alisema.

"Na dizeli?"

"Dizeli nayo inabaki kidogo." Akanirushia maji ya kitambaa, nikakimbilia ndani nikicheka, na yeye akaendelea kuosha huku akipiga mluzi.