Ukucha wa Nassib

Mjini Mpanda, ukigonga gari na hutaki mtu ajue, unalipeleka kwa Nassib, kule Kashaulili nyuma ya maduka ya vipuri. Anachanganya rangi kwa macho tu. Akishakoroga, anapaka tone kwenye ukucha wa kidole gumba na kuusogeza kwenye bodi ya gari. Ukucha ukipotea ndani ya rangi, kazi imekubali. Watu walimsifu, naye sifa alizipenda, tusidanganyane.

Tatizo ni vumbi. Vumbi la kiangazi huku halina adabu, linaganda kwenye rangi mbichi, kwa hiyo Nassib hupiga rangi ndani ya banda lililofungwa turubai pande zote, harufu ya thina imejaa, kitambaa puani. Akimaliza anakunywa maziwa, maana mafundi wenzake wote wanaamini maziwa yanaosha sumu. Amekunywa ya kutosha kulea ndama.

Siku moja Ngusa, mfugaji mwenye gari la bluu, akaja kulichukua. Akalizunguka, akasimama kwenye mlango uliopakwa upya.

"Fundi, mbona mlango huu umekuwa wa kijani?"

Nassib akatazama. Aliona bluu. Alimsingizia muuza rangi, akacheka.

Daktari wa macho hakumficha: thina ndiyo inayomharibu, maziwa hayazuii kitu, asipoacha kazi hiyo hali itazidi. Aache aende wapi? Hana shamba, hana ng'ombe, hajui kazi nyingine, na fundi rangi asiyeona rangi nani atampa gari? Akamwambia mkewe Kauthar peke yake.

Tangu hapo Kauthar akileta chakula haondoki, anajifanya anasubiri vyombo. Nassib anapaka ukucha, mkewe anautazama kwa pembeni. Akifunika hotipoti, rangi iko sawa, akiiacha wazi, bado. Watu wakasema mke wa fundi anampenda mumewe kupita kiasi. Ni kweli anampenda, ila hawakufikiria anavuta hewa gani humo bandani kutwa nzima.

Kiangazi cha pili kikawakuta hivyohivyo. Asubuhi moja, turubai likiwa limefunuliwa upande na jua limepiga kwenye bodi ya gari la mteja, Nassib akanyoosha ukucha. Kauthar akautazama, akatazama gari, akarudia. Mkono wake ukabaki juu ya mfuniko.

"Kuna giza humu," akasema. "Tutoke nje nione vizuri."

Nassib akakunja kidole. Maneno hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe, kabla ya mlango wa Ngusa.

"Mama Rabia, kesho usije."

"Na wewe, Baba Rabia, utaangaliziwa na nani?"

Nje mteja alikuwa akiuliza kama gari liko tayari. Nassib akachukua kikombe chake cha maziwa, akampa mkewe, naye Kauthar akanywa yote.